Redio Mpya ya Edson

Ijumaa asubuhi, wakulima wawili waliokuwa wakienda kwenye majaruba yao ya mpunga karibu na Tinde waliikuta Corolla nyeupe imeegeshwa kando ya barabara, dereva ameinamia usukani. Walidhani amelala. Walipomsalimu mara ya pili bila kujibiwa, mmoja alichungulia dirishani, kisha akarudi nyuma akijifuta mikono kwenye suruali, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Inspekta Rhoda Mihayo alifika saa tatu. Jua lilikuwa limeshapasha bati la gari na nzi walikuwa wamemtangulia. Marehemu alikuwa Edson, mkaguzi wa nyama ambaye kila mwenye bucha Kahama alimfahamu. Alikuwa amepigwa na kitu kizito juu ya sikio la kushoto. Pochi ilikuwa mfukoni, haijaguswa. Simu ndiyo haikuwepo.

"Majambazi hawa, Afande," alisema Konstebo Enock.

"Majambazi gani wanaacha pochi? Halafu tazama, breki ya mkono imevutwa. Alisimama mwenyewe. Na dereva anakaa kulia, kidonda kiko kushoto. Aliyempiga alikuwa ameketi pale." Rhoda alionyesha kiti cha abiria. "Alikuwa amepakia mtu anayemjua."

Kabla ya kufunga mlango aliitazama dashibodi. Plastiki yote ilikuwa imepasuka kwa jua, lakini katikati yake kulikuwa na redio mpya inayong'aa, na kipaza sauti kidogo kimebandikwa juu ya usukani.

Mshukiwa wa kwanza hakuhitaji kutafutwa. Jumatatu iliyotangulia, Edson alikuwa amekamata maini yenye minyoo kwenye bucha ya Mwigulu na kuyamwagia dizeli mbele ya wateja. Nusu ya soko ilimsikia Mwigulu akiapa. Enock alimleta kituoni na visu vyake ndani ya mfuko.

"Ulisema utamkatakata," Rhoda alisema.

"Nilisema, Afande. Nilikuwa na hasira. Watu walinisikia, siwezi kukataa."

"Visu vina damu."

"Mimi nachinja kila siku. Vikikosa damu ndipo unishangae."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mnadani Ushirombo. Nikalala kwa mjomba, nimerudi asubuhi na ng'ombe wawili. Waulizeni watu wa mnada." Akainua uso. "Maini yangu yalikuwa na minyoo, alikuwa sahihi. Lakini nendeni machimboni mkaone wanachokula wale vijana wanaochimba. Nyama imeshaanza kuteleza, inapikwa na pilipili nyingi isisikike harufu. Ina muhuri wa Edson, na Edson aliwahi kuniambia hajawahi kuigonga hata siku moja. Mtu amechonga muhuri kama wake."

"Nani?"

"Ningemjua ningekuwa nimeshamtaja. Ananiharibia soko."

Watu wa mnada walithibitisha maneno yake. Rhoda alimzuia hata hivyo, na jioni ile akaenda kuulizia ile redio mpya kwa Mwanaima, fundi wa umeme wa magari karibu na stendi.

"Ndiyo, nilimfungia mimi, jana Alhamisi," Mwanaima alisema. "Redio yake ilikuwa ile iliyokuja na gari toka Japani, nusu ya stesheni zetu haishiki. Na wenye bucha walikuwa wanampigia akiwa barabarani. Akataka ya bluetooth, aongee bila kushika simu. Aliondoka hapa saa tisa alasiri."

"Uliunganisha simu ya nani?"

"Yake tu. Tukajaribu kupiga, sauti ikatoka vizuri kwenye spika."

"Ikiunganishwa ya mtu mwingine?"

"Redio inaikumbuka. Siku nyingine mwenye simu akisogea karibu na gari likiwa limewashwa, inajiunga yenyewe. Muziki utaendelea pale ulipoishia. Na kuna kitufe cha kijani, ukikibonyeza mara mbili kinapiga namba ya mwisho iliyopigwa."

Jumamosi asubuhi Corolla iliwashwa kwenye uwanja wa kituo, na Mwigulu akasimamishwa kando yake na simu mfukoni. Redio ilikaa kimya. Rhoda alimwachia.

Mchana alikwenda msibani. Edson hakuwa na mke, hivyo waombolezaji walikusanyika kwa dada yake, Salvina, aliyeolewa na Otmar. Otmar alikuwa akipeleka vyakula kwenye makambi ya wachimbaji wadogo, na parokiani ndiye aliyeongoza kwaya. Alimpokea Rhoda kwa mikono miwili, macho mekundu kwa kulia. Nyama yote ya msiba alikuwa ameitoa yeye, na wanawake walimsifu wakigeuza masufuria makubwa. Salvina, uso umevimba, alikuwa amempakata binti yake Nelly, akimlisha na kula naye sahani moja. Rhoda naye akapewa pilau, akala akamaliza. Otmar alikula ugali na maharage pembeni.

"Hauli nyama, Baba Nelly?"

"Tangu jana haipiti kooni, Afande. Yule alikuwa kama mdogo wangu wa tumbo moja."

"Gari lake ulilipanda lini mara ya mwisho?"

"Pasaka. Tangu hapo hata kuliona sijaliona."

Rhoda alimwomba aje kituoni kutambua vitu vya marehemu. Walipofika uwanjani Enock alikuwa ameketi kwenye Corolla. Otmar alipokaribia mlango, Enock akazungusha ufunguo. Redio ikawaka, ikalia mlio mfupi, kisha kwaya ikaanza kuimba katikati ya ubeti, sauti ya Otmar mwenyewe ikiongoza.

Otmar alitumbukiza mkono mfukoni. Enock alishatoka garini na kumshika kifundo cha mkono.

"Redio hii ilifungwa Alhamisi saa tisa," Rhoda alisema. "Edson aliuawa jioni yake. Simu yako na redio hii zimejuana wapi?"

"Hizi mashine, Afande, zinakosea."

Rhoda aliinama ndani, akabonyeza kitufe cha kijani mara mbili. Mlio wa kuita ulijaa garini. Mwanamume akapokea.

"Tajiri, vipi? Ile ya msibani imetosha? Maana huku Ushetu amekufa ng'ombe mwingine alfajiri. Huyu hajavimba sana, ukileta gari mapema tutamuwahi."

"Tajiri?" ile sauti iliita tena, ikakatika.

Rhoda alitembea hadi kwenye ukuta, akatapika mchele na vipande vya nyama ambavyo bado vilikuwa vizima. Alitapika mpaka hakikubaki kitu. Aliporudi alikuwa amejifuta mdomo, na hakumwita tena Baba Nelly.

"Ng'ombe wanakufa kwa nini?"

"Sijui. Kimeta, labda." Otmar alisema hivyo kama mtu anayetaja mvua. "Ikichemka sana haina shida. Machimboni hawajawahi kulalamika."

"Na Edson?"

"Alinipa lifti ya Shinyanga. Akanionyesha redio yake, amefurahi, nikaunganisha simu nimsikilizishe nyimbo zetu mpya. Tulipokaribia Tinde yule jamaa akapiga. Wimbo ukakatika, kabla sijajua nizime wapi Edson akapokea kwa kile kitufe. Jamaa akaanza kusema mizoga iko mingapi, na kwamba muhuri umefutika wino. Gari zima likasikia."

"Akasimama."

"Akavuta breki. Akasema ananipeleka polisi mwenyewe. Nikamwambia amfikirie dada yake. Akasema dada yake ndiye anayemfikiria, yeye na watu wote niliowalisha. Spana ya magurudumu ilikuwa chini ya kiti changu."

Spana na simu ya Edson zilitolewa kwenye mfereji wa majaruba aliouonyesha, na mtu wa Ushetu akakamatwa kabla ya giza na ngozi mbichi mikononi. Lakini kwanza walirudi msibani. Maafisa wa afya walikuwa wameshaanza kuwapanga watu wapewe dawa. Wanaume walichimba shimo nyuma ya nyumba, na masufuria yaliyosifiwa mchana yakamwagwa humo, yakafunikwa kwa chokaa. Nyuma ya choo watu walikuwa wakijitia vidole kooni.

Otmar aliletwa na pingu aonyeshe friza alikoweka nyama iliyobaki. Salvina alisimama mlangoni.

"Mama Nelly," alisema Otmar, "nisikilize. Hapa nyumbani sikuwahi kuwalisha ile. Ninyi niliwanunulia nyama ya bucha siku zote. Mungu ni shahidi. Huu msiba tu, watu walikuwa wengi."

"Mimi na Nelly tulikula mbele yako," Salvina alisema. "Ulikuwa umekaa pale na maharage yako. Ulituangalia."

Salvina alitema mate chini, akambeba mtoto, akaenda kupanga foleni na wengine.