Jina la Kichupa cha Maji

Kichupa cha saba kilikuwa na maji matupu. Wasomaji wa vinasaba huweka kimoja namna hiyo kila mara. Kikionyesha vinasaba vyovyote, basi vifaa vimechafuka na kazi yote ni bure. Fundi wa maabara alilijua hilo. Kilichomtoa jasho ni programu mpya ya kompyuta, iliyokataa katakata kuendelea mpaka kila kichupa kipewe jina.

"Andika 'maji' tu," alisema Miwani, mwenzake aliyekuwa akimfundisha.

"Maji nayo ni jina?" Akacheka, tumbo lake la miezi saba likitikisika, akaandika jina alilomchagulia binti yake aliyemo humo tumboni. Jina lenyewe walilijua yeye na mumewe tu.

Majibu yalipotoka, kichupa cha saba kilikuwa kimejaa vinasaba.

"Umechafua vifaa, dada," Miwani alisema. Akalinganisha na damu ya fundi, waliyokuwa wakijifunzia. "Nusu ni yako."

"Na nusu nyingine?"

"Haijulikani. Si ya mtu, wala ya mnyama."

Walirudia kwa maji mapya, wakaacha jina lilelile, maana programu ilikuwa imeshalikariri. Safari hii jeni za moyo zilikuwa zinafanya kazi. Wakarudia tena, zikaamka za mapafu, na chumba kikanuka marashi ambayo hakuna aliyejipaka, na mchana kweupe kitu kikawa kinapumua taratibu nyuma ya jokofu, na kadiri kile cha kwenye kichupa kilivyozidi kuamka ndivyo mtoto tumboni alivyozidi kutulia, hata siku ya tatu mama yake akakaa kutwa nzima ameshika tumbo akingoja teke moja tu asilipate.

Akamsihi Miwani atafute msaada, wowote ule.

Miwani akamleta bibi mmoja, mganga, kwa mlango wa nyuma. Bibi hakugusa kitu. Alikodolea macho kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, mlangoni pako palikuwa na kisicho na jina. Wewe ukakipa. Lifute kwa mkono wako mwenyewe, na lisitamkwe tena na yeyote. Mtafutie mwanao jingine."

Akalifuta. Kichupa kikapasuka, nyuma ya jokofu kitu kikalia kilio cha kitoto, marashi yakakatika. Kisha teke! Akaangua kilio cha furaha, Miwani naye akalia.

Jioni alifika nyumbani hoi. Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, maana mumewe si mtu wa kuamini mambo hayo, na yeye hakutaka kuonekana amerukwa na akili. Mumewe hakumpa nafasi. Alipiga magoti mbele ya kochi, akaweka mdomo tumboni, na kabla mkono wa mkewe haujamziba, akamwita binti yake kwa jina.

"Abee, baba," sauti ikaitika kutoka jikoni.