Aliyelala Hemani Msimbati

Kigingi cha nne kilikataa kutoka. Isaya alikivuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na kila alipovuta, alihisi kitu chini ya mchanga kikivuta upande wake.

"Nitaikata kamba," alimwambia mkewe.

Helena alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Walikuwa wamepiga kambi siku mbili ufukweni Msimbati kwa ajili ya Glory, mdogo wake, aliyekuja Mtwara kutoka Iringa baada ya kuzika mtoto wake wa wiki tatu. Tangu jana Glory alikuwa akicheka peke yake hemani, na Helena alifurahi, akadhani majonzi yanapungua.

"Glory, toka tukunje hema. Maji yakijaa gari litakwama."

"Punguza sauti, dada. Amelala."

Helena akaacha sufuria. "Nani amelala?"

Glory alitoka, akafunga zipu taratibu, akasimama mlangoni. Nyuma yake, ndani ya hema, kitu kikapiga chafya ndogo.

Harufu ikawafikia, ya poda ya mtoto na maziwa yaliyochacha, na saa nne hiyo ya asubuhi, jua likiwaka, Isaya akakata kamba zote kwa pupa, hema likalala chini, isipokuwa katikati, pale turubai lilipobaki limevimba kiasi cha mto mdogo wa kulalia, likipanda na kushuka, likipanda na kushuka.

Mwanaisha, mama mtu mzima wa pale kijijini, alikuwa akirudi kuchokoa pweza. Aliwaona, akatua ndoo.

"Shikamoo, bibi," Isaya alinong'ona.

Macho yake yalikuwa kwenye turubai. "Nani kati yenu amefiwa na mtoto?"

Glory akainua mkono.

"Huyo si mwanao, binti yangu. Huyo ni jini, makazi yake hapa. Anatafuta wa kumnyonya. Kijijini kwetu aliwanyonya wanawake wawili mpaka wakakauka, tukawazika. Umeshamwita 'mwanangu'?"

"Nimemwita."

"Basi sisi hatumuwezi. Mkane wewe. Sema si wako, kisha umkunjie hema kwa mikono yako."

"Bibi, ataumia."

"Mkane!"

Glory akapiga magoti. Mwanaisha akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, haraka haraka. Turubai likatoa kilio chembamba, na Helena akaona mdogo wake akiuma mdomo hadi damu.

"Si wangu," Glory akasema.

Uvimbe ukazama. Glory akalikunja hema akilia, wakaliacha palepale, wakapanda gari bila hata kuaga vizuri.

Walipita kijiji cha Ziwani. Hapo Helena akageuka kumpa Glory maji, akaona kifua cha gauni lake kimelowa.

"Glory, maziwa si yalishakauka?"

"Nisamehe, dada." Glory alikuwa ameinamia mapaja yake, anatabasamu. "Nilisema si wangu kwa mdomo tu. Moyoni nilimwambia, njoo mwanangu, twende nyumbani."

Isaya akazima redio. Katika ukimya ule wote watatu walisikia, kutoka kiti cha nyuma, kitu kikimeza, kikivuta pumzi, kikimeza tena.