Kamba ya Bwana Afya

Kila jioni, mvua isiponyesha, Bibi alitoka na mbwa wake hadi kwenye bomba la maji la mtaa na kurudi. Muuguzi ndiye aliyemwagiza. Tangu augue kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, wa kushoto ulishika mkongojo, na mguu nao ulihitaji kutembezwa usije ukasahau kazi yake. Mbwa aliitwa Bwana Afya, kwa sababu hapakuwa na sufuria mtaani ambayo hakuikagua. Babu ndiye aliyempa jina hilo. Sasa Babu alikuwa ameshafariki, na nyumba ilikuwa kimya.

Tatizo lilikuwa mnyororo wa mbwa. Ulikuwa mzito, ukimwachia Bibi alama kiganjani. Mjukuu aliyeishi naye, msichana wa miaka kumi na miwili, aliitwa Chapuchapu kwa jinsi alivyofanya kila kitu mbiombio. Yeye akaamua kutengeneza kamba nyepesi ya kumwongozea mbwa.

Alikwenda kwa jirani yao, fundi wa maturubai, ambaye alimkatia kipande cha kamba ya nailoni, nyembamba lakini imara.

"Choma ncha kwa mshumaa zisifumuke," Fundi alimwambia. "Kisha kunja huku kitanzi cha mkono, huku cha kufungia kwenye mkanda wa shingo, ushone kwa uzi mnene. Moto uguse ncha tu. Nailoni ikiungua katikati, hiyo imekwisha. Uje nikukatie nyingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, Fundi," alijibu, tayari yuko mlangoni.

Nyumbani aliirundika kamba mezani, akawasha mshumaa. Alipokuwa akichoma ncha ya pili, mkunjo mmoja uliteleza ukalambwa na moto. Ulinuka, ukakakamaa, ukawa mweusi. Angeweza kurudi kwa Fundi, lakini aliona uvivu, tena aliogopa kuchekwa. Akapaweka palipoungua ndani ya kitanzi cha mkono, akapazungushia uzi mwekundu pasionekane.

"Hata urembo umenitilia!" Bibi alifurahi. "Nyepesi kama sijashika kitu."

Siku chache baadaye, Bwana Afya aliona paka njiani, akachomoka. Bibi alihisi kamba ikimteleza kiganjani, akaanguka kwenye matope. Majirani walimrudisha nyumbani wamemshika kwapani.

Mbwa alirudi baadaye akiburuta kamba. Chapuchapu ndiye aliyemfungulia mlango. Aliona kitanzi kimekatika pale pale penye uzi mwekundu. Akaikunja kamba, akaificha chini ya godoro lake.

"Kamba iko wapi?" Bibi aliuliza.

"Hakurudi nayo, Bibi."

Bibi alikitazama kiganja chake. "Basi nimeiachia mwenyewe. Mkono huu hauna kazi tena, mjukuu wangu."

Tangu hapo Bibi hakutoka. Alikaa kitini akitazama ukuta, chai ikimpoa mbele yake. Mazoezi ya muuguzi aliyaacha. Mlinzi wa ghala moja la pale mtaani alipopita kumjulia hali, Bibi alimwomba aje Jumamosi amchukue mbwa.

"Una hakika, Mama?"

"Nitamshika kwa mkono gani? Siku nyingine nitamwachia, gari limponde."

Ijumaa jioni walisali kama kawaida. Bibi alifumba macho. "Ee Mungu, usamehe mkono wangu ulioshindwa. Nisaidie nisiwe mzigo kwa mtoto huyu. Amina."

Chapuchapu alifungua kinywa aitikie. Neno halikutoka. Angewezaje kuitikia mbele za Mungu jambo alilojua si kweli? Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kamba na kuiweka mapajani mwa Bibi.

"Hukuiachia, Bibi. Ilikatika." Alikuwa analia. "Niliiunguza, nikapaficha kwa uzi. Halafu nikakudanganya."

Bibi aliufungua uzi polepole, akapapasa palipoungua.

"Kesho nenda kwa Fundi," alisema hatimaye. "Mweleze yote."

Asubuhi Fundi hakucheka. Alimkatia kamba nyingine, akasimama pembeni mpaka ncha zikachomwa moja moja na kila mshono ukavutwa. Bibi alipoletewa kamba hiyo, alikishika kitanzi kwa mkono wa kulia.

"Vuta," alisema.

Chapuchapu alivuta kidogo.

"Vuta kama mbwa, si kama mjukuu!"

Akavuta kwa nguvu. Mkono ulitetemeka, lakini vidole havikuachia. Mlinzi wa ghala alipofika, Bibi alimwomba radhi: mbwa haendi popote.

Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Kuunguza kamba ni ajali, mwanangu. Hata mimi nimeunguza vingi. Lakini ulipoficha, uliniacha nijihukumu kwa kosa lisilo langu, nikaukatia tamaa mwili wangu mwenyewe. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Ila goti bado linaniuma tangu nianguke. Kwa hiyo leo utatembea mwendo wangu."

Wakatoka watatu, Bwana Afya mbele, polepole sana, chini ya wingu zito.