Mlio wa Nyuma na Kimya cha Zeyana

Gari jeupe la Zeyana lilipita sokoni Mwanakwerekwe likinguruma kwa nyuma, gruu, gruu, gruu, hata muuza ndimu akanyanyua kichwa. Mwenyewe alikuwa amejifunga ushungi wa rangi ya embe bivu, baibui linanukia udi, na uso kaukunja. Kazi yake ilikuwa kupamba vyumba vya maharusi, na bila ya gari lile hakuwa na kazi. Mafundi watatu walishalifungua na mlio uko palepale.

Kwenye foleni, mwanamme mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu akagonga kioo.

"Bibie, gari lako linalia."

"Nnajua. Nna masikio."

"Linalia zaidi ukikata kulia?"

Zeyana akamtazama vizuri. Swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"We nani?"

"Mudrik. Gereji yangu ile pale, nyuma ya wauza mbao."

"Na kazi yako kugongea watu vioo?"

"Wenye macho kama hayo tu."

"Ala! Fundi wa magari au fundi wa maneno?"

Gari likaingia gereji siku hiyo hiyo, likarudi wiki iliyofuata, na wiki nyengine tena. Shokapu zikabadilishwa, bushi zikabadilishwa, mlio ukawa unapotea siku mbili kisha unarudi. Na tuseme kweli, hakuna aliyekuwa na haraka. Zeyana alianza kuja na chupa ya kahawa na visheti. Mudrik naye, ikikaribia alasiri, alikuwa akisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka inachubuka. Simu zikawa hazikatiki.

"Gari halijambo, roho yangu?"

"Gari halijambo. Mwenye gari ndiye hajijui."

Lakini neno lenyewe, lile la kupeleka wazee kwao kuposa, Mudrik hakulitamka. Alijua kuwa Zeyana anatakwa na Haroub, mwenye nyumba ya ghorofa Chukwani, na yeye nyumba yake Makunduchi ilikuwa bado haijaezekwa. Aliona haya, akazidi kungoja.

Alhamisi moja akasema, "Leo nataka niusikie kwa sikio langu. Ntalala nyuma, kichwa sakafuni, wewe endesha. Mlio ukianza tu, nyamaza. Usiseme hata neno, maana sauti yako ikinijia sisikii chengine."

"Makubwa haya," alicheka Zeyana. Wakashika njia ya Chukwani, gari limejaa mazulia na viti, Mudrik kajibana katikati yake.

Simu ikalia. Zeyana akaiweka sauti ya juu. Alikuwa Bi Mize, shangazi yake, aliyemlea tangu wazee wake kufariki.

"Zeyana, mwanangu, watu wa Haroub wako kwa ami yako Pandu. Wanataka jibu. Ami yako kaniambia nikuulize mwenyewe. Unaridhi?"

Zeyana alifungua mdomo aseme hapana. Wakati huohuo gari likaingia kona ya kulia na mlio ukaanza. Mudrik, sikio limegandia sakafuni na akili yote iko chini, akapiga bati kwa kiganja: nyamaza! Mdomo wa Zeyana ukajifunga. Ngoja kona iishe, alijiambia, ntajibu. Gruu, gruu, gruu. Kona ilikuwa ndefu.

"Zeyana? Umenyamaza, mwanangu? Alhamdulillahi! Mwari akinyamaza ndiyo karidhi!"

Kigelegele kikapigwa kwenye simu, simu ikakatwa. Zeyana akapiga tena. Namba inatumika. Habari ilikuwa ishaanza kutembea ukoo mzima.

Akaegesha pembeni. Alichokitaka ni Mudrik atoke kule nyuma aseme neno moja tu. Mudrik akateremka, uso umembadilika.

"Umemsikia shangazi?" Zeyana akauliza.

"Nimemsikia. Mabruk, hongera."

"Mabruk?"

"Haroub mtu mzuri."

"Na gari?"

"Sikusikia kitu."

Alisema uongo. Alikuwa ameusikia mlio wazi kabisa: beringi ya gurudumu la nyuma, la kushoto, imekwisha. Lakini kwa fikra zake, Zeyana alinyamaza kwa ridhaa yake, tena yeye Mudrik akisikia, na hasira zikampanda. Ntamwambia kesho, alijisemea, akaenda zake kwa miguu. Zeyana akabaki na usukani. Kama mwanamme niliyetaka kumkataa Haroub kwa ajili yake ndiye anayenipa mabruk, alijiambia, nkatae kwa ajili ya nani? Hakumpigia tena shangazi yake.

Ijumaa, baada ya sala, Mudrik alikuwa gereji gari lile lilipopita kuelekea Chukwani, kwa Ami Pandu. Bi Mize alikaa kiti cha nyuma kakumbatia sinia la haluwa, mito na mazulia yamefika dirishani. Alasiri hiyo Ami Pandu angewapa watu wa Haroub neno la mwisho. Mlio sasa haukuwa gruu. Ulikuwa wa chuma kinachokula chuma.

Mudrik akaitupa spana. Akapiga simu. Zeyana akaliona jina, akakata. Akapiga tena, akakata tena. Akarukia vespa yake, simu kaibana ndani ya helmeti, na mara ya tatu Bi Mize akaipokea, akaiweka sauti ya juu.

"Nani huyu asiyechoka?"

"Shikamoo, Bi Mize. Mimi Mudrik, fundi. Mwambie Zeyana asimame!"

"Marahaba. Fundi gani anaamrisha mwari wa watu siku yake?"

"Gurudumu la nyuma litatoka! Wallahi litatoka!"

"Jana ulisema hukusikia kitu," Zeyana akafoka.

"Nlisema uongo."

"Uongo! Nife na shangazi yangu, kisa nini?"

"Nliona uchungu. Nlisikia mlio, na nlisikia ulivyonyamaza ulipoulizwa."

"Si wewe uliyenambia ninyamaze? Si wewe uliyenipigia bati? Nlikuwa nataka kusema hapana, Mudrik!"

Sinia la haluwa likamteremka Bi Mize mapajani.

"Simama, roho yangu," Mudrik alisema. "Simama kwanza, kisha unitukane utakavyo."

Zeyana akakanyaga breki. Gari likayumba, likalia kwa kishindo, likainama upande wa kushoto na kusimama kando ya minazi. Gurudumu lilikuwa limelala chini ya bodi, limeshikilia kwa kidogo tu. Mudrik alipofika aliliona, akakaa chini vumbini.

"Nisamehe," alisema. "Hasira zangu zilitaka kukuua."

"Na mabruk yako je? Hiyo ilishaniua."

Bi Mize aliwatazama wote wawili. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Akampigia Ami Pandu, akamweleza habari ya fundi, akaiweka sauti ya juu, akampa Zeyana simu. "Sema kwa mdomo wako. Jana nilikusemea, leo sikusemei."

"Shikamoo, ami. Sikuridhi. Jana sikujibu, nilikuwa nasikiliza gari. Uniwie radhi."

Ami Pandu akahema. "Basi. Nitawaambia, aibu nitaibeba mimi. Lakini huyo fundi yuko hapo?"

Mudrik alikuwa ameinamia jeki.

"We baba," Bi Mize akamkemea, "kunyamaza ni ridhaa ya mwari. Mwanamme husema!"

Mudrik akasimama, mikono imejaa grisi. "Shikamoo, ami. Nyumba yangu haina bati bado, lakini wazee ninao, wako Makunduchi. Namtaka Zeyana. Wazee wangu watafika kwako Jumapili, ukiniruhusu."

"Zeyana," simu ikasema, "umemsikia. Unaridhi?"

Zeyana akaangalia chini, akaanza kukunja ncha ya ushungi wake, asiseme kitu.

Bi Mize safari hii hakutaka kubahatisha. Akainama akachungulia ndani ya gari. Injini ilikuwa imezimwa, na ufunguo alikuwa nao Zeyana mkononi. Ndipo akapiga kigelegele.