Mlango Ulionunuliwa kwa Bei ya Bawaba

Jioni ile mshonaji alitaka kupeleka gauni tu. Nyumba ya nne, mkono wa kulia, kwa mteja aliyekuwa na safari alfajiri. Alilikunja vizuri, akalifunga kwenye kipande cha shuka lisiloweshwe na manyunyu, akazima taa ya cherehani, akashika kitasa.

Kitasa kilishuka vizuri, laini kama kilivyoshuka siku zote tatu tangu mlango uletwe.

Mlango haukufunguka.

Akajaribu tena. Akazungusha ufunguo kulia, akaurudisha kushoto. Kufuli la ndani likalia *kra*, likatii. Akakaza miguu, akavuta. Chuma kilikuwa baridi, na hakikutikisika hata kidogo. Ilikuwa kama kuvuta ukuta.

"Ee Mungu wangu," akasema, tena kwa utani. "Kipya nacho kina maringo."

Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na mlango mmoja. Nyuma palikuwa na ukuta wa jirani. Madirishani, marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa baiskeli, alichomelea nondo kwa mikono yake mwenyewe, nondo nene, akasema hapiti hapa hata paka. Na kweli, paka hakuwahi kupita.

Akampigia simu wifi yake, dada wa marehemu, aliyeuza vocha kwenye kibanda cha njia panda.

"Wifi, njoo unifungulie. Mlango umenigomea."

"Umegoma? Ule mlango wetu wa bure?" Wifi akacheka hadi simu ikakwaruza. "Ngoja nifunge kibanda nakuja. Usiubomoe, tafadhali, tumeupata kwa jasho la vidole."

Jasho la vidole ni kweli. Wiki mbili nyuma, wifi huyo huyo aliingia akikimbia, simu mkononi, mtandio ukiburuzika.

"Wifi! Acha hiyo sindano! Tazama hapa!"

Lilikuwa duka la mtandaoni. Mlango wa chuma, rangi ya kahawa, kitasa na kufuli lake, na nje una pete mbili za kutilia kufuli la ziada. Na bei chini yake... Mshonaji alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena.

"Hii ni bei ya bawaba," alisema.

"Ndiyo! Bawaba mbili na skrubu zake! Mtu kasinzia huko akabandika bei ya bawaba kwenye mlango. Bonyeza kabla hajaamka!"

"Si ni kosa hilo, wifi? Si dhambi?"

"Dhambi ya nani? Umeshika bunduki wewe? Wao wameandika, wewe umelipa. Na mlango unauhitaji, Mungu anajua unavyouhitaji."

Hapo wifi alishusha sauti. Wote wawili waliutazama mlango wa zamani, wa mbao, wenye ubao mmoja uliovunjwa na kupigiliwa bati. Miezi saba kabla ya hapo, fundi wa baiskeli alifia nyuma ya mlango ule. Majirani walijua habari yake: mvua ilinyesha, mbao zikavimba, mlango ukakwama, mgonjwa akakosa msaada. Hata mazishini watu walilaumu mbao.

Mshonaji alibonyeza.

Siku mbili baada ya mlango kuletwa ulikuja ujumbe kutoka kwa mhudumu wa duka. Haukuwa na ukali. Uliandikwa hivi: *Dada yangu, mimi ndiye niliyebandika bei ile kwa makosa. Meneja ameniagiza nimuulize kila mnunuzi. Aliyenunua bila kujua, duka linamwachia mlango, na hasara inakatwa kwenye mshahara wangu. Aliyejua akanyamaza, tunamwomba aurudishe au aongeze hela. Mbele ya Mungu, dada, ulipoiona bei ile, ulijua?*

Mshonaji alikaa na ujumbe ule tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alikuwa mtu wa sala. Hakukosa hata moja, na baada ya msiba alizidisha.

"Mwapie," wifi alimwambia. "Weka kiapo kizito, atanyamaza. Watu wanaogopa kiapo."

Basi akaandika: *Mbele ya Mungu, sikujua. Kama nasema uongo, mlango huo usinitoe nje.*

Kiapo kile kilimtoka kirahisi, kwa sababu hakikuwa cha kwanza. Cha kwanza ndicho kilichokuwa kizito, nacho tutakifikia.

Sasa mvua ilikuwa imeanza. Nje, viatu vya wifi vilisikika vikikanyaga matope.

"Wifi? Nimefika. Uko wapi ugomvi wenyewe?"

Mlango ukafunguka. Ulisukumwa kwa kidole kimoja, ukafunguka wote, kimya. Wifi alisimama kizingitini, mwavuli mkononi, akicheka.

"Aa, wewe! Umeniloanisha bure. Haya, toka."

Mshonaji naye akacheka. Akabana gauni kwapani, akavuka kizingiti.

Mguu wake ukakanyaga mkeka.

Mkeka wake mwenyewe. Mbele yake ilikuwa cherehani, na kiti, na kalenda ukutani. Mvua ilikuwa mgongoni.

"Mbona unarudi ndani?" wifi akauliza kutoka nje. "Umesahau nini?"

Akageuka. Akauona mlango wazi, akaiona njia, akauona mwavuli. Safari hii alihesabu hatua. Moja, mbili... kizingiti... tatu.

Mkeka.

"Wifi, acha mchezo. Nalowa."

"Si mchezo," mshonaji akanong'ona. "Nishike mkono. Nivute."

Wifi akanyoosha mkono. Vidole vilikutana juu ya kizingiti, vikakamatana. Ghafla mlango ukajirudisha kwa kishindo kilichoangusha kalenda, na kama wifi hangewahi kutoa mkono, ungebaki humo.

"Wifi! Sasa haufunguki hata huku! Wifi!"

Halafu ikaja harufu.

Dawa ya kuchua. Ile kali, ya kopo la bati, aliyokuwa akimpaka mumewe kifuani kila jioni. Kopo lenyewe alikwisha kulitupa. Harufu haikutoka chumbani. Ilitoka kwenye mlango, kwenye upenyo wa kufuli, kama pumzi ya mtu aliyeweka mdomo pale.

Kisha...

*Ngo. Ngo. Ngo.*

Kimya.

*Ngo. Ngo. Ngo.*

Haikuwa nje, kwa wifi. Wala haikuwa ndani. Ilitoka katikati ya chuma.

Mshonaji alipiga magoti. Maneno ya sala aliyoyajua tangu utoto yalimtoka vipande vipande. Na hapo, polepole, kwa sauti ya mtu ambaye kifua kimembana, mlango ukauliza:

"Ulijua?"

Alielewa mara moja. Alitambaa mpaka mezani, akachukua simu. Akaandika, akafuta, akaandika upya. *Dada, niliapa uongo. Niliiona bei nikajua ni ya bawaba. Nilijua. Njooni mchukue mlango wenu, na mshahara wako usikatwe. Naomba unisamehe.*

Akatuma. Alama zikageuka rangi. Umesomwa.

Jibu likaja baada ya muda mfupi: *Ahsante, dada yangu. Nimelia. Mungu akufungulie.*

Akashusha pumzi. Mvua nayo ilikuwa kama imepungua. Hata harufu aliona imepoa. Akasimama, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaenda mlangoni kwa heshima kama anayeingia nyumba ya ibada, akashusha kitasa.

Haukufunguka.

Na kutoka katikati ya chuma, karibu kabisa na sikio lake:

"Siyo hilo."

Nje, mwavuli ulianguka.

"Wifi..." Sauti ya wifi ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtoto. "Wifi, hiyo ni sauti ya kaka."

Mshonaji akaitazama meza ya cherehani.

"Ni kaka! Namjua kaka yangu! Anasema siyo hilo. Siyo lipi? Wifi, siyo lipi?"

Msomaji, mlango wa mbao haukuvimba.

Fundi wa baiskeli alikuwa mbishi. Daktari alimwambia apumzike, yeye akasikia apige kazi. Kila mkewe alipotoka, akirudi alimkuta karakana, mvuani, akipuliza matairi na kukohoa. Ndipo mke akaanza kumfungia kwa nje. Alitia kufuli dogo la shaba, akasema kupitia upenyo, "Nusu saa tu, baba," akaenda, akarudi. Halikuwa jambo baya. Lilikuwa la upendo, na wala hakumwambia mtu, maana mwanamume mzima kufungiwa na mkewe ni aibu.

Siku ile mume alimshika mkono. "Leo usifunge," alisema. "Kifua hakinipi nafasi."

"Nusu saa tu," alisema mke. Mteja alikuwa akisubiri. Akafunga.

Hatua kumi kutoka mlangoni alisikia kugonga. Mara tatu, kimya, mara tatu. Alisimama. Alijua kuwa si ubishi wa siku zote. Alijua, kama unavyojua sauti ya mtu uliyelala naye miaka kumi na tisa. Akajisemea, anataka kwenda karakana. Akaendelea na safari. Kwa mteja mvua ikamkuta, akakaribishwa chai, akakaa saa mbili.

Aliporudi alitoa kufuli, akasukuma. Mlango ulisogea kidogo ukakwama. Kilichouzuia kilikuwa kizito, na hakikuwa mbao. Alilitia kufuli mfukoni ndipo akapiga kelele. Majirani wakaja, wakasukuma, wakasema mbao zimevimba kwa mvua. Naye akasema ndiyo, zimevimba. Wifi alipomuuliza siku ya mazishi, aliapa.

Kufuli lilikuwa kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya vifungo, ufunguo ukining'inia tunduni.

*Ngo. Ngo. Ngo.*

"Wifi, nijibu!"

Alifungua mtoto wa meza. Kufuli lilikuwa na joto, kana kwamba limetoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Akarudi mlangoni, akakaa chini, akaweka mdomo kwenye upenyo. Akasema yote, polepole, bila kulia, kama anavyosoma vipimo vya nguo. Usifunge. Hatua kumi. Chai. Kilichokwama. Hakuruka kitu.

Alipomaliza, nje palikuwa na mvua tu.

Kitasa kikashuka chenyewe.

Mlango ukafunguka, kiasi cha mtu kupita. Hewa safi ikaingia, baridi, tamu. Wifi alikuwa amesimama palepale, amelowa chapachapa, mwavuli umepinduka miguuni. Hakuwa akilia. Alimtazama mshonaji usoni, kisha akatazama kilichokuwa mkononi mwake.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Hebu."

Mshonaji akampa. Wifi akalipima uzito kiganjani, akachomoa ufunguo, akautia kifuani.

"Nisamehe, wifi," mshonaji alisema. Akainua mguu kuvuka.

Wifi akauvuta mlango. Hakuuvuta kwa hasira. Aliuvuta kama mtu anayefunga kabati. Kwa nje pete mbili zikagongana, chuma kikaingia kwenye chuma.

*Kra.*

"Wifi! Wifi, unafanya nini?"

"Nusu saa tu," sauti ya wifi ikasema kupitia upenyo.

Hatua zikaondoka kwenye matope. Mshonaji akazihesabu. Ya kumi ikasimama. Alisubiri, ameshikilia pumzi.

Zikaendelea.

Taa ya chumbani ikafifia, kama inavyofifia mvua ikizidi. Simu ilikuwa mezani, upande wa pili wa chumba. Alitaka kugeuka aifuate. Lakini harufu ya dawa ya kuchua sasa haikutoka mlangoni. Ilikuwa nyuma yake, karibu na kiti. Na kwenye kiti, taratibu, kama mtu aliyevumilia muda mrefu asimwamshe mwenzake, kuna aliyekohoa.

Hakugeuka.

Mkono wake ulipanda wenyewe kwenye chuma. Akagonga mara tatu. Akanyamaza. Akagonga mara tatu.