Isale la Mjomba Ildefonce

Mdogo wangu Hilaria, wa miaka tisa, alikuwa na mdomo kuliko redio yenye betri mpya. Kila jioni alipeleka maziwa kwa Mjomba Ildefonce, kaka yake mama, ng'ambo ya mfereji. Alirudi na umbea wa kitongoji kizima.

Mwaka 1999, msimu wa mvua, redio ilizimika.

"Hilaria, maziwa ya mjomba," mama akaita.

"Aende Primus."

"Mimi?" nikamtania. "Au siku hizi wewe ni mwenyekiti wa kijiji, hutumwi?"

Akalia.

Akaanza kukojoa kitandani. Akawa anashtuka ukimgusa bega. Chini ya godoro mama akakuta viatu vipya vya kutoka soko la Tarakea.

"Kakupa nani?"

"Mjomba. Kasema nisiseme."

Mama alishuku uvivu. Mimi, msomi wa kidato cha nne, nikashuku minyoo.

Nesi Veronika, jirani yetu, alipokuja kununua ndizi, mama akamlalamikia. Nesi hakucheka.

"Mektrida, huyu mtoto anamwogopa nani?"

Mama akaruka. "Ildefonce? Tumbo moja nami!"

"Simhukumu mtu. Dalili moja si ushahidi, kukojoa kunaweza kuwa ugonjwa. Lakini hofu, zawadi ya siri na mtoto kubadilika ghafla, vyote pamoja? Usimtume tena kule. Msikilize. Usimkaripie, wala usimtilie maneno mdomoni."

"Na akisema?"

"Mwambie unamwamini, na kwamba hana kosa. Kisha polisi na hospitali, siku hiyohiyo."

Mama alikaa na Hilaria migombani, wakikata majani ya ng'ombe. Kwa mbali nilimwona mama akiacha panga na kumkumbatia. Sikuwa na utani wowote.

Tulipokuwa tunafunga mlango twende polisi, Mjomba akatokea. Maziwa hayakufika kwake siku mbili, akahisi mambo yamejulikana. Mkononi alishika jani la isale.

"Dada, shetani alinipitia. Pokea, yaishe nyumbani."

Kwetu Uchagani, anayeletewa isale husamehe. Kukataa ni jambo zito. Mkono wa mama ukainuka kidogo. Nyuma yake, Hilaria alikuwa ameshika kanga ya mama kwa ngumi mbili.

Mama akaushusha mkono.

"Isale lilete siku ng'ombe wako akila migomba yangu. Kwa mwanangu, peleka polisi. Sisi tunatangulia."

Polisi walitupatia fomu ya matibabu, hospitali wakampima na kumtibu. Mjomba alikamatwa wiki hiyo. Baadhi ya wanaukoo walituita wakosa adabu, na Krismasi ile hawakuja. Nyama ikatutosha.

Hilaria alichukua muda. Nesi alikuja kila Jumamosi, wakaongea wawili tu. Siku moja nilikuwa nalemewa na galoni la maziwa njiani, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Primus! Ndevu tatu, nguvu hakuna!"

Nikaliweka galoni chini, nikamwacha anicheke mpaka achoke.