Pumzi ya Mama Godelive

Mbele ya kibanda cha phonie, pale Mususa mjini Butembo, watu walisukumana tangu asubuhi. Miaka ile ya vita, aliyetaka kusema na Beni au Kinshasa alisemea kwenye redio ya kijana Kasonia, akimpa mwenzake zamu kwa neno "À vous", na foleni nzima ikamsikia.

"Beni, Beni, hapa Butembo. Ninaomba tube ya koo, numéro sita. À vous."

Kasonia akageuka. Msichana wa kitenge cha kijani na blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi alikuwa ameshika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Tube ya koo? Juu ya kufanya nini, mademoiselle?"

"Mutu akilazwa kwa dawa ya operasyo, anaweza kusahau kupumua. Ninamuingizia kamupira katika koo, ninamupumulisha."

"Basi unipumulishe na mimi. Nimesahau tangu uingie."

"Wewe umesahau kufunga kinywa tu," akajibu msichana, jina lake Eliane. Foleni ikaangua kicheko.

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Baadaye hospitali moja ya Beni, ambayo fundi wake wa dawa za usingizi alikuwa amekimbia vita, ilimwomba Eliane ashike nafasi yake, naye akaenda. Wapenzi wakabaki na phonie. Kasonia akisema "chérie", wamama wa foleni walimhimiza: "Murudilie, hakusikia muzuri!"

Kisha uvimbe wa shingo wa mama yake Kasonia, Mama Godelive, ukakua mpaka akawa analala ameketi. Kasonia akampeleka Beni mwenyewe, akarudi kazini na moyo mzito.

"Eliane, nimekupatia mama yangu. Umurudishe. À vous."

"Nitamurudisha, chéri wangu. À vous."

Siku moja baada ya operesheni, mvua ilinyesha, na habari za risasi zilitoka upande wa Kalunguta. Kasonia alizungusha kitufe cha redio, akasimama, akaketi, akazungusha tena. Hatimaye sauti ya Eliane ikaja, nzito kwa uchovu.

"Kasonia, kuya Beni. Kuya leo. Kuya na batu ba familia. À vous."

Kwetu kifo hakitangazwi kwenye phonie, mbele ya masikio ya kila mtu. Anayefiwa huambiwa tu: kuya, yaani njoo. Mama mmoja akaweka mikono kichwani.

"Umemuua!" Kasonia akapiga kelele. "Nilikupatia mama akitembea kwa miguu yake! Jina langu usilitaje tena!"

Akazima redio kabla Eliane hajajibu.

Wakapanda lori, yeye, shangazi yake Tamar na mjomba Abdias, shuka jeupe la kumvika marehemu likiwa magotini. Kwenye kila barrière ya barabarani askari waliuliza, "Munaenda wapi?" Wakijibu "Kilio," walifunguliwa njia. Tamar alilia kwa sauti kutoka Kalunguta mpaka ndani ya chumba cha wagonjwa.

Pale walimkuta Eliane ameketi kichwani mwa kitanda, nywele zimefumuka, mkono wake ukibana na kuachia mfuko mweusi wa mpira uliounganishwa na tube kinywani mwa Mama Godelive. Kifua cha mama kilipanda. Kikashuka.

"Munalilia nani?" Eliane akauliza bila kusimamisha mkono.

Shuka likamponyoka Kasonia. "Mais... ulisema nikuye!"

"Ukuye kukamua! Baaskari balibeba mashini ya kupumulia. Koo ya mama imevimba, nikitoa tube njia inajifunga. Niko nakamua tangu jana, vidole vimekufa; mufagiaji alinipokea dakika ya phonie tu, akakimbia. Mugonjwa analindwa na familia yake, nitaita nani? Na wewe unanizimia redio! Butembo yote inaniita muuaji!"

"Nitasema mbele yao kwamba nilikosa." Akapiga magoti.

"Hapana magoti. Nawa mikono, kuya hapa. Kamua polepole. Sasa achia. Angalia kifua."

"Eliane, unisamehe."

"Kamua."

"Sikutaka kusema vile, chérie."

"Achia."

"Ninakupenda."

"Kamua, Kasonia!" Lakini midomo yake ilitetemeka kwa kicheko alichokizuia. Akamtazama pumzi kadhaa, akaona mkono umetulia, ndipo akaketi sakafuni, akaegemea ukuta, usingizi ukamchukua papo hapo.

Walipokezana wote, hata Tamar, mpaka kesho yake mchana. Uvimbe ukapungua. Eliane akatoa hewa kwenye kapira kadogo kanakoziba kandokando ya tube, akainamisha sikio: pumzi ilikuwa inapita pembeni, njia imefunguka. Akachomoa.

Mama akakohoa. Kisha kimya. Abdias akavua kofia. Kasonia akajikuta bado anabana mfuko mtupu hewani. Ndipo kifua cha Mama Godelive kikapanda chenyewe.

"Tamar," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nilikusikia. Unalia mubaya."

Tamar akaanza kulia upya, mara hii akicheka.

"Na wewe Kasonia. Huyu mutoto hakulala. Umupeleke akalale kwetu."

"Kwenu, mama?" Eliane akaficha uso kwa kitenge. "Bila ndoa?"

Kasonia akaushika mkono wake wa kuume. Vidole vilikuwa vimekunjamana na kukakamaa. Akaanza kuvinyoosha, kimoja kimoja, akivikanda.

"Basi na ndoa. Unanikubali, Eliane?"

"Maliza kwanza mukono huu," akasema, akampa na ule mwingine.